Usibaki mtazamaji: mwongozo wa siku moja katika kijiji cha Mfalme Henry, Maryland

Mara ya kwanza nilikwenda kwenye tamasha hili la kuigiza Uingereza ya kale nimevaa jinzi na fulana ya Simba, nikakaa pembeni kama mtu anayesubiri daladala. Nilikula, nikapiga picha, nikarudi nyumbani nikiwaambia watu kwamba ni Wazungu tu wamevaa nguo za sinema na vyakula ni ghali. Mwaka uliofuata nilirudi na mama, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, na siku hiyo ndipo nikaelewa kwamba kosa la mwanzo lilikuwa langu. Pale ukishavuka geti umeingia kwenye mchezo, na anayekataa kucheza ndiye anayerudi akilalamika.

Ninayezungumzia ni Maryland Renaissance Festival, inayofanyika Crownsville, karibu na Annapolis, makao makuu ya jimbo la Maryland nchini Marekani, kama kilomita 50 kutoka Washington. Ilianza mwaka 1977 mjini Columbia, ikahamia Crownsville mwaka 1985. Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba inapoelekea ukingoni, msitu ule unageuka kijiji cha Kiingereza cha miaka ya 1500, kijiji cha kubuni kiitwacho Revel Grove. Kuna majumba ya mbao, vilabu vya pombe, wahunzi, wafinyanzi, majukwaa kumi na mfalme anayetembea mtaani na wapambe wake. Matamasha ya namna hii yamejaa Marekani nzima, na mengi yanafuata mfano wa lile la mwaka 1963 huko Los Angeles, ambalo mwalimu Phyllis Patterson na mumewe Ron waliliandaa kuichangia redio ya KPFK. Kwa hiyo hata kama unaishi Texas au Minnesota, mengi ya hapa yatakufaa.

Kwanza, jua mwaka huu ni mke wa ngapi

Mfalme wa Revel Grove ni Henry wa Nane, yule mfalme wa Uingereza aliyetawazwa mwaka 1509 akiwa na miaka 17 na kuja kuoa wake sita. Hadithi ya kijiji husogea: mwaka huu wanaigiza mwaka fulani wa utawala wake, ukirudi baadaye unakuta mambo yamebadilika na malkia ni mwingine. Usipojua uko wapi katika hadithi, utaona watu wamevaa mahameli wananong'onezana na hutaelewa wananong'ona nini.

Jisomee dakika kumi usiku wa kuamkia siku hiyo. Catherine wa Aragon aliachwa, Anne Boleyn alikatwa kichwa Mei 1536, Jane Seymour akafariki mwaka uliofuata baada ya kujifungua mtoto wa kiume, Anne wa Cleves ndoa yake haikumaliza mwaka, Catherine Howard naye akakatwa kichwa mwaka 1542, na Catherine Parr akamzika mume. Hayo yanatosha. Mama alipoyasikia ndani ya gari aliuliza, "Na huyu tunayekwenda kumwona leo, bado ana kichwa?" Ndilo swali sahihi, na ukilijua jibu lake, kila tabasamu la malkia utaliona kwa jicho jingine.

Pili, tiketi kabla ya kitu chochote

Tiketi zinanunuliwa mtandaoni na zina tarehe: ya Jumamosi haikuingizi Jumapili. Siku nzuri, hasa za Oktoba, huisha kabla ya siku yenyewe kufika. Najua kwa sababu nimewahi kuwaahidi shemeji zangu watano, nikaacha kununua hadi Ijumaa usiku, tukaishia kula nyama choma uani kwangu. Lawama zilikuwa zangu na zinakumbushwa hadi leo.

Milango huwa wazi saa nne asubuhi hadi saa moja jioni, Jumamosi na Jumapili, pamoja na Jumatatu ya Sikukuu ya Wafanyakazi ya Wamarekani mwanzoni mwa Septemba. Kuchagua wikendi ni kuchagua hali ya hewa. Mwisho wa Agosti joto la Maryland ni kama la Dar mwezi wa pili, ila bila upepo wa baharini. Oktoba asubuhi unahitaji sweta, mchana unalibeba mkononi. Mvua haiahirishi kitu, watu wanacheza kwenye tope. Ukiniuliza mimi, wiki mbili za katikati ya Septemba ndizo nzuri, joto limelegea na umati wa Oktoba haujaanza.

Tatu, mavazi, na hapa tukae kidogo

Hakuna sharti la kuvaa kizamani. Lakini nguo ndiyo inayowaambia waigizaji kwamba uko tayari kutaniwa. Mwenye fulana ya mpira wanampita kwa heshima, mwenye joho wanamsimamisha.

Watu wetu wengi hukwama hapa. Wanadhani lazima wajigeuze Waingereza, wanaangalia bei ya magauni yale ya kukaza kiuno, wanakata tamaa. Au wanajiuliza, mtu mweusi anafanya nini katika Uingereza ya karne ya 16? Jibu lipo kwenye kumbukumbu za mfalme huyohuyo. Februari 1511 Henry aliandaa mashindano makubwa ya mikuki huko Westminster kusherehekea kuzaliwa kwa mtoto wake, na mashindano yale yakachorwa kwenye gombo refu ambalo lipo hadi leo. Kati ya wapiga tarumbeta wa mfalme, wote wamepanda farasi, amechorwa Mwafrika mwenye kilemba, tena mara mbili. Aliitwa John Blanke. Tunajua pia kwamba aliandika barua kuomba aongezewe mshahara kutoka peni 8 kwa siku hadi 16, na akakubaliwa. Kwa hiyo ukiulizwa, wewe ni mpiga tarumbeta wa mfalme na unadai nyongeza.

Njia nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kuja kama ulivyo, ila wa miaka 500 iliyopita. Wakati Henry bado mtoto, Vasco da Gama alikuwa ameshatia nanga Malindi, mwaka 1498. Mwaka 1505 Wareno wakaipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Yaani Pwani ilikuwa na miji ya mawe, masultani na dhahabu ya Sofala katika miaka hiyohiyo wanayoiigiza. Mfanyabiashara wa Kilwa aliyekuja kumshitaki Mreno kwa mfalme wa Uingereza ni mhusika kamili: kanzu nyeupe, joho lenye nakshi, kilemba, ukanda. Nilipojieleza hivyo kwa jamaa mmoja aliyevaa kama balozi, alinikamata kiwiko akaniuliza kwa sauti ya siri bei ya pembe za ndovu. Tulizungumza biashara robo saa nzima.

Kwa akina mama, kanga mbili na ushungi zinatosha. Mjuzi wa historia atakwambia kanga ni ya karne ya 19, na ana haki yake, ila hakuna atakayekuja na kalenda. Wanaotaka ya Kiingereza waanze na vilivyomo kabatini: sketi ndefu pana, shati jeupe la mikono mipana, kizibao, mkanda wa ngozi unaoning'iniza kijaluba. Ukienda likizo nyumbani, mpe fundi wako wa mtaani picha. Atakushonea kwa bei ambayo kule tamashani hainunui hata kofia. Chagua pamba au kitani, maana poliesta katika joto la Agosti ni adhabu.

Ukivaa jambia, au upanga wa aina yoyote, ubaki ndani ya ala na ufungwe kwa kamba usiweze kuchomoka. Usalama getini hawana utani katika hilo, na masharti ya vitu vya kubeba husomwa kwenye tovuti yao kabla ya kufunga safari, kwa sababu hubadilika.

Viatu: vya kufunika mguu, vilivyokwisha kuzoea mguu wako. Ardhi ina miteremko, mizizi, changarawe na vumbi, na kijiji kina ekari 27. Mwenye kandambili atakumbuka maneno yangu saa nane mchana.

Nne, barabara

Barabara ya Crownsville ni nyembamba na magari ni mengi. Panga kufika kabla ya saa nne, si saa nne yenyewe. Ukifika saa sita utaumaliza ujana wako kwenye foleni. Maegesho ni uwanja wa nyasi, kwa hiyo piga picha ya nguzo au mti ulio karibu na gari. Jioni magari yote hufanana.

Tano, saa ya kwanza usinunue kitu

Chukua ramani na ratiba getini, keti kwenye benchi, weka alama mambo matatu tu: mashindano ya mikuki, onyesho moja la kuchekesha na moja la muziki. Anayepanga manane huishia kukimbia, na raha ya pale ni yale yanayokukuta njiani.

Kisha zunguka kijiji chote mara moja mkono mtupu. Angalia mhunzi anavyogonga chuma, mpuliza kioo anavyozungusha lile donge jekundu kwenye bomba, wanaochovya mishumaa. Ukirudi mara ya pili utajua kikombe gani cha udongo unakitaka kweli. Vitu ni vya mikono na bei yake ni ya mikono. Kuvutana bei kama Kariakoo hakuna, ila kumuuliza fundi ametengeneza vipi kunamfurahisha kuliko pochi yako.

Kubalianeni pia mahali pa kukutana mtu akipotea. Simu hukwamakwama watu wakijaa.

Sita, lugha ya kijiji

Wahusika huzungumza Kiingereza cha kale, au tuseme kinachofanana na cha kale. Usiogope. Wanaokizungumza vizuri ni waigizaji, wengine wote tunabahatisha. Maneno manne yanakutosha. "Good morrow" ni salamu ya asubuhi. "My lord" na "my lady" ni kumwita mtu kwa heshima. "Huzzah!" ni kelele ya shangwe, kazi yake ileile ya vigelegele, na ukipiga kigelegele chenyewe utawafunika wote. La nne ni muhimu kuliko yote: kibao chenye neno "privy" maana yake ni choo. Shemeji yangu mmoja alikipita mara tatu akitafuta choo.

Utani wao ni kama wa Mchaga na Mpare: wanakuanza, wanakutazama, wanasubiri urudishe. Ombaomba mchafu atakwambia viatu vyako vimeibwa kwake. Mshenga atakutafutia mke mbele ya mkeo. Katika matamasha mengi ya namna hii kuna hata mtu anayefungwa kwenye mbao, anawatukana wapita njia, nao wanalipia nyanya za kumrushia. Aliyekulia kwenye mchongoano atajisikia yuko nyumbani. Ukinuna, wanakuacha papo hapo, hawalazimishi mtu. Ukijibu, hata kwa Kiswahili, umewapa zawadi.

Mama hakuwa na Kiingereza cha kutosha kwa mambo haya. Tulipokuwa karibu na kilabu kimoja, bwana mmoja mwenye kofia ya manyoya na ndevu zilizochongwa alisimama mbele yake, akavua kofia, akainama hadi magoti yakagusa vumbi, akamsalimu kwa sentensi ndefu ambayo hata mimi sikuifuata. Mama alimtazama, akaona kijana ameinama mbele ya mtu mzima. Akamjibu, "Marahaba, mwanangu. Inuka usichafuke." Nikatafsiri. Yule bwana akaushika mkono wake akatangaza kwa sauti kubwa kwamba malkia mama wa Tanga amewasili, na tangu hapo kila mhusika aliyepita, habari zilivyokuwa zimesambaa, alikuwa anainama. Mama aliitikia wote, mmoja mmoja, bila kuchoka.

Saba, mikuki juu ya farasi

Maryland ina haki ya kujivunia hili. Tangu mwaka 1962 mashindano ya mikuki ndiyo mchezo rasmi wa jimbo, ingawa ule wa vijijini ni wa kutungua pete zinazoning'inia, mpanda farasi akipita mbio na mkuki wake. Wa tamashani ni wa ana kwa ana: wanaume wawili ndani ya vyuma, farasi wenye vifua kama makabati, uzio katikati, mikuki inapasuka vipandevipande. Ncha za mikuki hutengenezwa kwa mti mwepesi ili zivunjike badala ya kupenya, lakini kishindo chake unakisikia kifuani.

Uwanja unaingiza watu wapatao 3,000, na wenye viti vya kivulini ni wachache. Fika nusu saa kabla. Kila upande hupewa shujaa wake wa kushangilia, nawe mshangilie huyo huyo hata kama mwenzake amevaa rangi nzuri zaidi. Kama una watoto wadogo, chagua onyesho la mapema, la jioni huwa na ugomvi mwingi zaidi wa mapanga. Na ukimwona mfalme jukwaani anashangilia, kumbuka Henry wa kweli aliangushwa na farasi akiwa ndani ya vyuma, Januari 1536, na hakushiriki tena mchezo huo. Wapo wanaosema hata tabia yake ilibadilika baada ya siku hiyo. Anne Boleyn hakumaliza nusu mwaka.

Nane, chakula na pombe

Kila mtu anashika mguu wa bata mzinga. Ni mkubwa kama rungu, umelowekwa kwenye chumvi na kukaushwa kwa moshi, na ndani nyama yake ni ya waridi. Wengi wetu tukiona rangi hiyo, na ladha inayokaribia ham, ile nyama ya nguruwe ya chumvi, tunadhani tumelishwa nguruwe. Sio nguruwe, rangi inatokana na chumvi na moshi. Lakini kuku au bata kutokuwa nguruwe hakumfanyi awe amechinjwa kihalali, kwa hiyo mwenye kuzingatia halali aulize au ahamie kwenye samaki na vitu visivyo na nyama. Mguu mmoja unatosha watu wawili. Hakuna sahani wala uma, ni meno na mikono, na leso ya kufutia mikono ubebe mwenyewe.

Kichekesho ni kwamba bata mzinga ni ndege wa Amerika, alianza kufika Uingereza wakati wa utawala wa Henry huyuhuyo, akiwa kitoweo cha wakubwa. Viazi na nyanya zilifika baadaye zaidi. Kwa hiyo chipsi unazokula mbele ya mfalme, mfalme hakuwahi kuzionja.

Vingine huuzwa kwenye vijiti, mpaka makaroni na jibini iliyokaangwa. Imesimamaje kwenye kijiti sijui, lakini watoto wangu hawataki kusikia chakula kingine. Kula saa tano na nusu au saa tisa. Kati ya hapo ni foleni.

Vilabu vinauza bia na pombe ya asali. Aliyewahi kuonja wanzuki, au muratina kwa ndugu zetu wa Kenya, atakuwa anajua mambo hayo, ila hii imechujwa ikatulia, tamu, na inapanda polepole kichwani halafu yote kwa pamoja. Lazima uwe na miaka 21 na kitambulisho. Mgeni kutoka nyumbani aje na pasipoti, kadi ya kupigia kura hawataitambua. Maji kunywa mengi kuliko unavyodhani unahitaji.

Tisa, pesa za kutunza

Tiketi imelipia geti. Kurusha mishale au visu, kupanda bembea zinazosukumwa na wanaume kwa nguvu za mikono, vyote vinalipiwa kando, na watoto wana macho makali. Nawapa wangu bahasha kila mmoja asubuhi, ikiisha imeisha.

Linalosahaulika ni kofia. Mwisho wa onyesho msanii anapitisha kofia au anasimama nayo mlangoni, na kwa wengi wao kofia hiyo ni sehemu kubwa ya riziki. Watu wa taarabu hamhitaji kufundishwa: huku ni kutunza, tofauti tu hubandiki noti kwenye paji la uso. Chenji noti za dola moja na tano kabla hujaondoka nyumbani, uziweke mfuko wa mbele. Mama alitaka kwenda kumtunza mpiga kinanda katikati ya wimbo, akicheza, noti juu. Nilimzuia, na mpaka leo najuta. Angependwa.

Kuhusu watoto na swala

Mtoto wa chini ya miaka mitano anaweza kuogopa vinyago. Mwoneshe kutoka mbali kwanza, waigizaji wazoefu hupiga goti wenyewe wakiona macho yamemtoka. Gari la kusukumia mtoto liwe la magurudumu makubwa. Kwa swala, bebeni mswala. Sisi tulirudi kwenye gari, tukaswali kwenye nyasi kando yake. Kama nanyi mtatoka, ulizeni getini kwanza utaratibu wa kurudi ndani.

Kutoka

Una njia mbili tu. Ama uondoke saa kumi na nusu, ama ubaki hadi mwisho, usikilize nyimbo za kufungia siku, kisha ukae garini na karanga na chai ya chupa magari mengine yaishe. Wanaoondoka katikati ya hizo mbili ndio wanaokaa kwenye foleni wakigombana.

Kanzu iloweke usiku huohuo, kwenye maji ya baridi na sabuni. Ukiiacha hadi asubuhi, vumbi la Crownsville linashika pindo na halitoki, na pindo langu lina mstari wa kahawia wa mwaka juzi ambao mama, kwenye simu, bado anauliza kama nimeshautoa.